Punda anayeogopa barabara: mzoeshe hivi

Huku kwetu Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, punda akisimama ghafla katikati ya njia, utasikia watu: "Mchape huyo, mkaidi!" Naomba tuache, ndugu zangu. Farasi akiogopa hutimua mbio. Punda huganda kwanza, anapima kilicho mbele yake. Ukimcharaza fimbo wakati huo, umemhakikishia kwamba kile kitu kweli kinaumiza, na punda hasahau. Kesho atagoma hata kabla ya kufika pale.

Mashaka, punda wangu jike, nilimnunua mnadani Magu. Pikipiki ikipita alikuwa anatetemeka mpaka ngozi ya ubavuni inacheza. Leo anapita katikati ya mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, injini zinanguruma, na masikio yake yametulia.

Kabla ya lolote, mkague. Pitisha mkono chini ya mkanda wa tumbo, mabegani na mgongoni, tafuta kidonda au uvimbe. Inua kwato moja moja uone kama zimepasuka au kuna jiwe limenasa. Punda huficha maumivu, kwa hiyo woga mwingine ni mwili tu unauma. Ukikuta tatizo, mwite afisa mifugo wa kata, na safari iahirishwe.

Halafu jifunze kumkaribia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na pale chini ya pua. Njoo kwa upande wa bega huku unaongea naye. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo punda wenyewe hukunana kwa meno. Akinyoosha mdomo wa juu na kufumba macho nusu, hapo mmeanza kuelewana. Chakula cha mkononi mimi sipendi, kinamzoesha kudonoa vidole.

Mazoezi ya kwanza yawe nyumbani. Tandika turubai chini uani, likandamize kwa mawe, kisha umwache alinuse kwa muda wake. Usimvute. Siku atakapolikanyaga mwenyewe, anza kulitikisa ncha kidogo kidogo, maana njiani atakutana na maturubai yanayopepea juu ya mizigo.

Kwa pikipiki, tafuta kijana wa bodaboda mwenye subira, umlipe muda wake. Kwanza aizime, punda ainuse. Kisha aisukume kwa mkono. Halafu aiwashe akiwa mbali, aende mwendo wa pole *mbele* yenu, nanyi mfuate. Hili ndilo lililomsaidia Mashaka kuliko yote. Kitu kinachokuja kwako kinatisha, lakini kitu kinachokukimbia unaanza kukidadisi. Alianza masikio yakiwa yamelala nyuma. Tulipofika kwenye miembe yalikuwa yamesimama yote mawili kuelekea lile dude, na alikuwa anaongeza hatua ili alifikie.

Sasa njiani. Toka asubuhi mapema. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuvuma kuja nchi kavu, kila mfuko wa plastiki unaruka na kila bati linagonga. Mchukue punda mwingine mzoefu atangulie, kwa sababu mwoga humwamini mwenzake kabla hajakuamini wewe. Tembea upande wa kushoto kama magari, wewe ukiwa kati ya punda na gari. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Akishtuka, itakuvunja vidole au kukuburuta.

Akisimama, nawe simama. Legeza kamba. Kaa begani kwake, tazama anachokitazama: wavu wa dagaa uliotandazwa mchangani, korongo mkubwa, dimbwi. (Madimbwi huyaogopa kwa haki yake, hajui kina chake.) Usimtazame usoni, usimsukume kwa nyuma. Subiri. Utaona sikio moja linageuka kukusikiliza, kichwa kinashuka, analamba midomo, anatoa pumzi ndefu. Hapo ndipo uikaze kamba kidogo kumwomba hatua moja, tena ya pembeni, maana ya pembeni ni rahisi kwake kuliko kwenda mbele moja kwa moja. Mguu ukinyanyuka tu, legeza kamba papo hapo. Huo ulegevu ndio malipo yake, na ukichelewa hajui umemlipa kwa lipi. Wapita njia watakucheka umesimama na punda kama mnaongea siri. Waache. Punda akitunzwa anafika miaka 30 na zaidi, wiki chache za subira hazikupunguzii kitu.

Kama bado anatetemeka, rudi nyuma mpaka pale alipokuwa ametulia, simameni, kisha mwende nyumbani. Zoezi liishe akiwa ametulia hata kama hamkufika popote.

Mzigo uje mwisho kabisa. Anza na magunia mawili yenye nyasi, mepesi, yasiyo na kelele, uzito sawa pande zote mbili. Ukifika kwenye madumu ya maji, kumbuka matupu yanagongana na kupiga kelele kuliko yaliyojaa, kwa hiyo wakati wa kwenda ziwani yafunge yakaze na upachike gunia kuukuu kati ya dumu na dumu.