Somo: Kuandika habari za usaili kwa Kiingereza

Juzi kijana mmoja aliniletea barua ya kushukuru baada ya usaili. Mstari wa kwanza: "Thank you for interrogating me." Kamusi ilimpa neno hilo kwa "kuhoji", naye akalichukua. Ni neno la polisi na mtuhumiwa! Tukaketi na barua yake, tukaenda hivi.

Hatua ya 1. Jiulize ulikaa upande gani wa meza. Sisi tuna usaili wa kazi na mahojiano ya redioni. Kwa Waingereza yote hayo ni "interview", kwa hiyo kitenzi ndicho kinachobeba maana. Uliyeomba kazi andika "I had an interview" au "I was interviewed". "I interviewed the manager" maana yake wewe ndiye uliyeuliza maswali, na meneja akajibu.

Hatua ya 2. Vihusishi, yale maneno madogo, na hapa tunateleza wengi. Kazi hufuata "for", kampuni hufuata "with", siku "on", saa "at": "I had an interview with your company on Monday at nine for the post of storekeeper." Angalia saa hiyo. Kwetu ni saa tatu asubuhi, na nimewahi kuona mtu kaandika "three".

Hatua ya 3. Nafasi ya kazi si "chance". Ikiwa bado iko wazi ni "vacancy". Ukiitaja kwa cheo ni "post" au "position".

Barua ya kijana ikatoka hivi: "Thank you for interviewing me on Monday for the post of storekeeper."

Maswali ya wanachama

Mwalimu, usaili wa mchujo wa kuandika niuite "written interview"?
Hapana, huo ni "written test". Ule wa ana kwa ana ndio "interview".

Mmarekani kaandika "I interviewed with a bank". Kakosea?
Hajakosea. Kwao muomba kazi husema hivyo, na "with" ndiyo inayogeuza maana. Wewe andika "I had an interview with a bank", utaeleweka kote.

Shikamoo mwalimu. "We discussed about my salary" ni sahihi?
Marahaba. Toa "about": "We discussed my salary." Ukiipenda sana, iweke kwenye "We talked about my salary."