Utepe wa udongo kabla ya jembe
Udongo tifutifu wenye mfinyanzi mwingi, ule wa nyanda za nyasi zenye mvua haba, una vituko. Kiangazi ukiukanyaga utadhani saruji. Zikinyesha mvua mbili tu unanasa kwenye viatu mpaka miguu inakuwa mizito. Usiulime katika hali yoyote kati ya hizo. Subiri donge likibanwa limeguke badala ya kunata.

Kuutambua ni rahisi. Chota konzi moja, lowesha kidogo, ukande, kisha usukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Ukikatika ukiwa na sentimita 2.5 hadi 5, ndio wenyewe: mfinyanzi humo ni kama asilimia 27 hadi 40. Ukirefuka zaidi ya hapo, huo ni mfinyanzi hasa.

Halafu chimba kina cha goti. Ukikuta vipunje vyeupe, vidondoshee siki. Vikitoa povu ni chokaa. Mvua ni chache mno kuisukuma chini zaidi. Hela ya kununulia chokaa ya shambani weka mfukoni. Na mabaki ya nyasi yaache juu, kwa sababu matone yakipiga udongo mtupu hufanya gamba na maji yote hukimbia.