Jinsi ya kuona utando wa seli ukimezwa kiinitete cha samaki kikijifunika

Ukiangalia kiinitete cha zebrafishi, kale kasamaki kenye mistari, macho yanakimbilia seli zinavyoshuka kufunika kiini cha yai (ile akiba ya chakula ndani ya yai), hiyo ndo epiboli. Sawa, ila kuna kitu kizuri zaidi mbele ya ukingo wa hizo seli. Seli zikishuka, utando uliokuwa umefunika kiini lazima uondoke, na unaondoka kwa kumezwa ndani vipande vidogo vidogo, yaani endositosi.

Chukua mayai yaliyotungishwa wakati mmoja, yakae kwenye nyuzi 28.5 na usibadilishe kabisa, joto likishuka ukuaji unachelewa na huwezi tena kulinganisha kitu. Epiboli inaanza baada ya masaa 4 na kidogo tangu kutungishwa, inamaliza kama masaa 10. Mi nashauri uangalie kwenye masaa 6 hadi 8, seli zikishapita nusu ya yai.

Vua ganda la nje kwa kibanio chembamba, taratibu, kwenye sahani iliyotandikwa agarosi (jeli laini) maana yai lililovuliwa likigusa plastiki linapasuka. Loweka kwenye rangi inayong'aa iitwayo Lucifer Yellow dakika chache halafu suuza vizuri sana. Hii rangi haipenyi utando wenyewe kwa hiyo kinachong'aa ndani kimemezwa. Washa mikroskopu ya fluoresensi utaona vinukta vimejipanga kama mkanda mwembamba kuzunguka kiini, mbele kidogo tu ya ukingo wa seli za juu, na ukishuka chini zaidi vinapotea. Kaa hapo uangalie, ni pazuri mno.

Sasa kama unataka kujua umezaji huo unasaidia kusukuma epiboli au unafuata tu, watu wanakimbilia dawa ya dainasori, inazuia dainamini, protini inayokata vifuko vya utando. Weka na kundi la kulinganisha lenye DMSO tupu (kile kimiminika kinachoyeyusha dawa), kiasi kilekile. Lakini dawa inaingia kiinitete kizima, hata seli za ndani ambazo zinatumia endositosi kurekebisha kadherini, protini zinazozishikanisha, kwa hiyo epiboli ikichelewa bado hujajua ni wapi pameguswa. Bora uchome kwa sindano RNA ya kuzuia Rab5 (protini inayohitajika kwenye endositosi) kwenye tabaka la kiini lenyewe, yaani ile safu nyembamba juu ya kiini chini ya seli, baada ya yai kupita hatua ya seli 1000, hapo haisambai kwenye seli zingine. Na usisahau mkanda wa aktini na mayosini (protini za kujikunja kama za misuli) unaovuta ukingo uko eneo hilohilo, upige picha pamoja.

Kupima, usiandike asilimia ya mwisho ya yai lililofunikwa tu, pima ukingo kila dakika 15, seli za juu kivyake na za ndani kivyake.