Kupima asetilikolinesterasi kwenye ubongo wa samaki, na jinsi ya kuikamata manjano ya uongo

Viuatilifu vya makundi ya oganofosfati na kabamati havidumu sana majini. Mvua inasomba dawa kutoka shambani hadi mtoni, na ukichota maji siku chache baadaye unaweza usikute kitu. Samaki ndiye anayebaki na alama. Sumu hizi hujishikiza kwenye asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini baada ya neva kupeleka ujumbe. Kikifungwa, ujumbe haukatiki: misuli inatetemeka, kisha inakakamaa. Kilichofungwa na oganofosfati huchukua wiki kadhaa kurudi kiwango chake ubongoni, kwa kuwa sehemu kubwa mwili hulazimika kukitengeneza upya. Ndiyo maana kinafaa kuwa baiomaka, yaani alama mwilini inayoonyesha kwamba sumu imepita.

Njia inayofuatwa hapa ni ya Ellman ya mwaka 1961. Kimeng'enya kinavunja asetilithiokolini, inatoka thiokolini, thiokolini inagongana na DTNB (kemikali inayotoa manjano ikikutana na thioli, yaani kampaundi zenye kundi la salfa na haidrojeni, -SH), na rangi ya manjano inatokea inayosomwa kwa nuru ya nm 412. Ni rahisi mno kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba manjano inaweza kutoka kwingine kabisa, na hapo ndipo kazi za watu wengi huharibikia.

Hatua ya 1: Samaki

Spishi moja, urefu unaokaribiana, msimu mmoja. Si urembo: kwa spishi nyingi, shughuli ya kimeng'enya kwa kila miligramu hupungua kadiri samaki anavyokua, na joto la maji aliyoishi nalo hubadilisha kiwango. Ukilinganisha samaki wa sentimita 10 wa juu ya mto na wa sentimita 18 wa chini ya mashamba, utakuwa umepima umri, si sumu.

Chukua 10 hadi 15 kwa kila eneo, na maeneo ya kulinganishia yawe mawili, si moja. Eneo moja la kulinganishia likiwa na kasoro usiyoijua, huna pa kukimbilia. Kama spishi yako inahamahama, weka samaki wa kufugwa kwenye vizimba kwa siku 7 hadi 21, vizimba viwili au vitatu kila eneo.

Samaki awe hai. Aliyeokotwa akielea hafai kwa vipimo hivi: kimeng'enya huoza, na kilichofungwa na kabamati huachiwa taratibu hata baada ya kifo, kwa hiyo namba yoyote utakayopata haina tafsiri.

Hatua ya 2: Ubongo

Laza samaki kwa MS-222 iliyosawazishwa na bikaboneti ya sodiamu (bila hiyo maji yanakuwa asidi, samaki anataabika bure), pima urefu na uzito, toa damu kidogo kwa ajili ya Hatua ya 8, kisha kata uti wa mgongo nyuma ya kichwa. Fungua fuvu kwa mkasi mdogo, toa ubongo mzima, usuuze haraka kwenye bafa baridi ili damu itoke, kausha kwa karatasi ya kuchujia, tia kwenye kijichupa na uzamishe kwenye naitrojeni kimiminika. Dawa ya kulaza na muda wake viwe sawa kwa samaki wote.

Hifadhi ni kwenye nyuzi hasi 80. Friji ya hasi 20 ni ya siku chache tu, na ile inayojiyeyusha barafu yenyewe usiitumie kabisa. Sampuli ikishayeyuka mara moja, ipimwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Vimiminika

Bafa ya fosfati 0.1 M, pH 8.0: changanya ml 93.2 za Na₂HPO₄ 0.1 M na ml 6.8 za NaH₂PO₄ 0.1 M, kisha hakikisha kwa pH mita. Bafa ya kusagia ni hiyohiyo ikiongezwa Triton X-100 asilimia 0.1, kwa sababu kimeng'enya kimekaa kwenye utando wa seli na bila sabuni hiyo sehemu yake inazama na makapi.

DTNB mM 10: mg 39.6 kwenye ml 10 za bafa ya fosfati pH 7.0 (saba, si nane), pamoja na mg 15 za bikaboneti ya sodiamu. Chupa ya kahawia au iliyofungwa foili.

Asetilithiokolini iodidi mM 75: mg 21.7 kwa kila ml 1 ya maji safi. Tengeneza asubuhi, weka kwenye barafu, jioni mwaga. Usijaribu kubana matumizi hapa.

Hatua ya 4: Rojo

Saga ubongo kwenye barafu, mg 20 kwa kila ml 1 ya bafa ya kusagia (ubongo wa mg 100 unahitaji ml 5). Zungusha kwenye sentrifuji g 10,000, dakika 15, nyuzi 4. Maji ya juu ndiyo sampuli yako.

Hatua ya 5: Kusoma

Kwa anayeanza, kuveti (kichupa cha kusomea nuru kwenye mashine) ya sentimita 1 ni bora kuliko sahani ya visima 96. Sahani ni ya haraka, lakini njia ya nuru si sentimita 1, inategemea ujazo wa kisima, na asiyesahihisha hilo hupata namba zisizolingana na za mtu mwingine yeyote. Ukishaizoea rangi na tabia zake, hamia kwenye sahani.

Joto nyuzi 25, limeshikiliwa na mashine. Ndani ya kuveti, kwa mpangilio huu:

bafa pH 8.0, ml 2.78
sampuli, ml 0.10
DTNB, ml 0.10
asetilithiokolini, ml 0.02 (itiwe mwisho, baada ya kusubiri kunakoelezwa kwenye chanzo cha kwanza hapa chini)

Jumla ml 3.00. Usiongeze asetilithiokolini ukidhani utaharakisha. Ikizidi, yenyewe huzuia kimeng'enya. Funika, pindua mara tatu, subiri sekunde 30, kisha soma kila sekunde 15 kwa dakika 3. Unachotaka ni mteremko, yaani mabadiliko ya ufyonzaji kwa dakika. Usisome mara moja tu mwishoni: usomaji wa mwisho hauwezi kukuonyesha mstari uliopinda. Mteremko kati ya 0.02 na 0.12 kwa dakika ni mzuri. Ukizidi hapo, punguza ukali wa sampuli.

Sasa manjano ya uongo. Vyanzo vyake ni vingi, na kila kimoja kina sura yake kwenye grafu.

Cha kwanza ni thioli za ubongo wenyewe, hasa glutathioni. Ukitia DTNB kabla ya asetilithiokolini, utaona ufyonzaji unaruka ghafla halafu unatulia. Subiri utulie, kwa kawaida kama dakika 5, mpaka mteremko uwe chini ya 0.002 kwa dakika, ndipo utie asetilithiokolini. Anayetia vyote kwa pamoja anaongeza glutathioni kwenye hesabu ya kimeng'enya. Samaki aliyechafuliwa mara nyingi glutathioni yake imebadilika pia, kwa hiyo kosa hili halilingani kwa maeneo yote. Linaweza kuficha sumu, au kuizua.

Cha pili ni asetilithiokolini kuvunjika yenyewe. Hutokea kila mara kwenye pH 8, na zaidi bafa ikipanda hadi 8.3 au 8.4. Andaa kuveti tupu: kila kitu isipokuwa sampuli, badala yake bafa ya kusagia ml 0.10. Mteremko wake utautoa kwenye kila usomaji. Ukiona kuveti tupu inaruka mara tu unapotia asetilithiokolini badala ya kupanda polepole, kimiminika chako kimezeeka, thiokolini imo tayari. Tengeneza kingine.

Cha tatu ni wewe mwenyewe kuweka thioli ndani. Bafa nyingi za kusagia zilizozoeleka maabarani zina DTT au merkaptoethanoli, na mtu huchukua chupa iliyopo bila kusoma kibandiko. Dalili yake huwezi kuikosa: kuveti inageuka manjano iliyokolea papo hapo unapotia DTNB, mashine inafika kikomo, na hakuna mteremko wowote wa kusoma. Sampuli ya namna hiyo haiokoleki. Epuka pia kuongeza PMSF ili kulinda protini: inashambulia vimeng'enya vyenye serini kwenye kiini chao, na asetilikolinesterasi ni kimojawapo.

Cha nne ni damu. Himoglobini hufyonza sana karibu na nm 415, jirani kabisa na 412. Haileti mteremko, ila inainua msingi na kulaza usomaji wako mahali ambapo mashine si sahihi. Ubongo uliosuuzwa vizuri hauna shida hii.

Cha tano ni vyombo. Kioo kilichowahi kutumika kwa viuatilifu sanifu kisiingie kwenye kazi hii, hata kikioshwa mara kumi. Hapa kosa linakuja kinyume: kimeng'enya kinazuiwa ndani ya chombo chako, na samaki wa eneo safi anaonekana mgonjwa. Nunua vya kazi hii tu na uvitie alama.

Baada ya yote hayo, fanya jaribio moja la eserini (dawa inayozuia kolinesterasi) kila siku ya kazi. Chukua sampuli nzuri, iweke na eserini ya mikromoli 10 kwa lita kwa dakika 10, kisha soma. Mteremko lazima ushuke hadi ule wa kuveti tupu. Kinachobaki juu yake si kolinesterasi, na kama ni kikubwa usiendelee na sampuli nyingine mpaka ujue kinatoka wapi.

Kuna jambo moja linalogongana na kusubiri dakika 5. Kabamati hujiachia kwenye kimeng'enya, na huachia haraka zaidi rojo likiwa jepesi na la joto. Ukishuku kabamati, saga rojo zito la mg 50 kwa ml, tumia ml 0.04 kwenye kuveti (ongeza bafa hadi 2.84), tia asetilithiokolini mara moja baada ya DTNB, na thioli zipime kwenye kuveti ya pembeni isiyotiwa asetilithiokolini. Muda kutoka kuyeyusha hadi kusoma uwe mmoja kwa sampuli zote.

Hatua ya 6: Protini

Kupima protini, tumia njia ya BCA kwenye nm 562, si ya Bradford. Triton inavuruga Bradford. Albumini sanifu iyeyushwe kwenye bafa ileile ya kusagia, na upime maji ya juu yaleyale uliyoyatia kwenye kuveti, si rojo kabla ya kuzungushwa.

Hatua ya 7: Hesabu

Kigawo cha ufyonzaji ni 13.6 kwa kila mM kwa sentimita. Wapo wanaotumia 14.15, ambacho ni cha baadaye. Chagua kimoja, kiandike kwenye ripoti, usikibadilishe katikati.

Mfano: mteremko wa sampuli 0.086, wa kuveti tupu 0.004, tofauti 0.082. Gawa kwa 13.6, unapata mM 0.00603 kwa dakika, yaani nanomoli 6.03 kwa kila ml. Zidisha kwa ml 3, ni nanomoli 18.1 kwa dakika. Protini ikiwa mg 1.2 kwa ml, ml 0.10 ina mg 0.12. Jibu ni nanomoli 151 kwa dakika kwa mg ya protini.

Kila sampuli isome mara tatu, lakini kwenye takwimu samaki mmoja ni namba moja. Samaki 10 waliosomwa mara tatu si samaki 30.

Kushuka kwa asilimia 20 chini ya wastani wa eneo la kulinganishia huchukuliwa kuwa dalili ya kufikiwa na sumu. Jua tu kwamba kanuni hiyo ilitokana na kazi ya mwaka 1975 kuhusu ndege. Samaki wengine huishi na ubongo uliozuiwa zaidi ya nusu, na wengine hutofautiana kwa asilimia 20 bila sumu yoyote. Mtawanyiko wa samaki wako wa eneo safi ndio wa kuamini kwanza.

Kisha, nani kakifunga? Gawa sampuli iliyoshuka mara mbili: nusu kwenye barafu, nusu kwenye nyuzi 37 kwa saa moja. Ya joto ikipanda, shuku kabamati. Isipopanda, jaribu 2-PAM, ambayo hung'oa oganofosfati. Weka kuveti tupu yenye 2-PAM pia, kwani dawa hiyo yenyewe huvunja asetilithiokolini na kukuletea manjano bila kimeng'enya. 2-PAM isipoleta mabadiliko, oganofosfati bado haijaondolewa lawama: ikikaa muda mrefu, kifungo chake hukomaa na haking'oki tena. Na baadhi ya metali hupunguza kimeng'enya hiki, kwa hiyo eneo lenye mgodi au kiwanda juu yake lipimwe metali kabla hujamnyooshea mkulima kidole.

Hatua ya 8: Tone la damu

Damu ya samaki yuleyule inakupa baiomaka ya pili karibu bure, kwa kuwa seli nyekundu za samaki zina kiini. Paka tone kwenye slaidi, kausha, tia methanoli dakika 10, kisha rangi ya Giemsa. Hesabu seli 2,000 kwa kila samaki kwenye ukuzaji wa mara 1,000, ukitafuta vijikiini (vipande vya vinasaba vilivyobaki nje ya kiini kikuu, dalili ya uharibifu wa vinasaba): vya duara, vidogo kuliko theluthi ya kiini kikuu, vya rangi ileile, visivyokigusa. Chembe ya rangi iliyoganda hung'aa ukicheza na fokasi, kijikiini haking'ai. Anayehesabu asijue slaidi imetoka eneo gani, kwa hiyo mtu mwingine abandike namba.