Kata ya karate yenye nguvu na madaha: zoezi la mchangani Bagamoyo

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza karate huwa na kimoja kati ya viwili, nguvu au madaha. Mwenye misuli hukunja uso na kukaza mabega tangu salamu ya kwanza. Mwepesi wa mwili, aliyezoea ngoma na sarakasi (na Bagamoyo hawakosekani), hupendeza macho mpaka umguse. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Siku moja mwalimu aliniacha nimalize ngumi zangu zote kwa mbwembwe, akanisogelea, akanisukuma kifuani kwa vidole viwili. Nikakaa chini, gi, vazi langu jeupe la karate, ikajaa mchanga.

Kata ni mfululizo wa miondoko uliopangwa, unaouchezwa peke yako. Zoezi hili linatumia Heian Shodan, kata ya mwanzo ya mtindo wa karate uitwao Shotokan: miondoko 21, na mwishoni inakurudisha ulipoanzia.

Hatua ya 1. Ngoja maji yapwe, ushuke asubuhi kabla soko la samaki halijachangamka. Tafuta mchanga uliolowa na kushikamana. Mkavu unameza mguu. Chora alama ya msalaba, simama juu yake.

Hatua ya 2. Cheza kata yote polepole, bila nguvu hata chembe, kana kwamba maji yanakufika kiunoni. Vidole vilegee njiani, ngumi ifungwe inapokaribia kufika. Waliosomea ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, huielewa hatua hii upesi. Wabeba mizigo huwatoa jasho.

Hatua ya 3. Geuka usome nyayo zako. Hapa usiwe na haraka, maana kioo hukuonyesha sura tu, mchanga unakutoboa siri. Katika zenkutsu-dachi, msimamo wa goti la mbele kukunjwa na mguu wa nyuma kunyooshwa, miguu iachane kwa upana wa nyonga, na uzito kama asilimia 60 uwe mbele. Ukikuta nyayo zimepangana kwenye mstari mmoja kama za mtu anayetembea juu ya kamba, ndiyo maana unayumba. Ukiona vidole vya mguu wa nyuma bila kisigino, basi ulikinyanyua, na msukumo wa ardhi haukufika kwenye nyonga. Mfereji mrefu wa kuburuta maana yake uliacha uzito nyuma. Unachotaka kuona ni mkunjo mwembamba kama mwezi mwandamo, pale mguu ulipopita karibu na mwenzake. Mkunjo huo ukitulia, hata anayekutazama kutoka mbali ataona mwili unateleza.

Hatua ya 4. Rudia kata, nguvu uiweke kwenye miondoko ya 15, 16 na 17 tu, zile ngumi tatu mfululizo. Nyonga itangulie, bega lifuate, ngumi ije mwisho, na mkono wa pili urudi kiunoni kwa kasi ileile. Kaza mwili kufumba na kufumbua, kisha achia. Kiai, yaani ukelele wa kusindikiza pigo, ni mbili tu, mwondoko wa 9 na wa 17. Mlio wa gi usikudanganye: kitambaa kizito hupiga kelele hata kwa ngumi dhaifu.

Hatua ya 5. Mwenzako akusimamishe popote na kukusukuma ngumi. Ukirudi nyuma, usiongeze misuli, rudi hatua ya 3.

Mwisho tazama umeishia wapi. Ukiwa mbali na msalaba, hatua zako hazilingani. Fuata nyayo mpaka uipate iliyokuponza. Zipige picha kwa simu kabla maji hayajajaa, wiki ijayo ulinganishe.