Umepunguzwa kazi uliyoifanya miaka na miaka, sasa ufanyeje

Barua umeshapewa so tuanze na hiyo barua. Usisaini kitu siku hiyohiyo. Najua mtu umekaa mbele yao kichwa kinazunguka, unachotaka ni kutoka tu humo chumbani, na wao wanakusogezea karatasi na kalamu wanakwambia aah hizi ni taratibu tu. Kama ni kuonyesha umeipokea, andika "nimepokea" na tarehe, haina shida. Ila karatasi inayosema umeridhika na malipo na hutadai tena chochote, hiyo omba nakala, nenda nayo nyumbani, apitie mtu anayejua sheria za kazi au chama cha wafanyakazi kama mnacho. Na usikae nayo kabatini, manake kupinga kuachishwa kazi kuna ukomo wa muda na kuna nchi ukomo wenyewe ni wiki chache tu.

Vitu vya kuuliza, na uulize kwa maandishi: notisi ni ya siku ngapi au wanalipa badala yake, likizo ambazo hukwenda zinalipwaje, kiinua mgongo kimepigwaje hesabu, bima inakata lini, na michango ya pensheni je ilikuwa inafika kule au ilikuwa inakatwa tu kwenye slipu. Hiyo ya mwisho watu wengi wanaigundua wakiwa wameshatoka, nenda kaangalie kwenye mfuko wenyewe usisubiri kuambiwa. Wala usijione msumbufu. Mkataba namba 158 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani), wa mwaka 1982, unataka mwajiri awe na sababu halali na atoe notisi ya muda wa kutosha, na hata nchi ambazo hazijauridhia nyingi zina kitu cha namna hiyo kwenye sheria zao. Chukua pia cheti cha utumishi, slipu zako za nyuma na namba za simu za watu uliofanya nao kazi kabla hawajakufungia kompyuta. Mafaili ya kampuni waachie wenyewe, usiwape sababu ya kukutafuta.

Nyumbani sema. Leo au kesho, sio mwezi ujao. Kuna watu wanaamka asubuhi wanavaa kama kawaida wanatoka, wanaenda kukaa mahali mpaka jioni ili mke au mume asijue, na kwa kweli siwalaumu, ukishafanya kazi sehemu moja miaka 15 jina lako na la ofisi yanakuwa kama kitu kimoja. Lakini ukificha, nyumba inaendelea kula kwa mshahara ambao haupo, halafu siku ikijulikana unakuwa na kesi mbili, kukosa kazi na kudanganya. Watoto nao waambie kwa ufupi, wakubwa wao wanakuwa wameshahisi zamani.

Sasa hela. Hapa ndipo pana mtego mkubwa kwa mtu aliyekaa kazini muda mrefu, kwa sababu yale malipo ya mwisho yanaingia kwa mkupuo na hujawahi kuona tarakimu za hivyo kwenye akaunti yako, unajisikia tajiri wakati una huzuni, na huo mchanganyiko ni mbaya sana. Chukua hiyo hela gawanya kwa matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, yaani kodi, chakula, shule, dawa na nauli. Jibu utakalopata ndio idadi ya miezi uliyonayo, na ndio namba ya kulala nayo kichwani badala ya ile ya kwenye akaunti. Kama una mkopo nenda kaongee na benki kabla hujakosa rejesho hata moja, uliza kama mkopo una bima ya kupoteza kazi, uliza kama wanaweza kurefusha muda. Ukienda ukiwa bado unalipa unasikilizwa, ukienda baada ya kukimbia simu zao miezi mitatu ni maongezi mengine kabisa.

Na biashara. Utaletewa mawazo, kila mtu ghafla ana mchongo, shemeji ana mchongo, jirani ana mchongo. Mi naona miezi ya mwanzo usiweke hela kubwa popote. Ukiwa na wazo lako lijaribu kwa kiasi ambacho hata kikipotea hutakosa usingizi.

Siku zenyewe usiziache ziende tu. Miaka ya 1930 watafiti walikaa kwenye kijiji cha Marienthal huko Austria ambako kiwanda kilifungwa na familia nyingi zikakosa kazi, wakakuta watu wana muda wote duniani lakini maktaba vitabu vinaazimwa kidogo kuliko zamani, na wanaume hata mwendo wa barabarani umekuwa wa polepole. Kwa hiyo amka saa ileile, oga, vaa, asubuhi tafuta kazi, mchana fanya vingine. Kama wiki zinapita hulali, huli, au unawaza kufa, nenda kwa daktari na umwambie hivyohivyo ulivyo.

Hasira iandike. Sio kwenye status, kwenye daftari. Mwaka 1994 mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake walitoa utafiti wa mainjinia waliopunguzwa kazi huko Marekani, walioandika siku kadhaa jinsi walivyoumia walipata kazi mapema kuliko wenzao, na wala hawakuwa wameomba kazi nyingi zaidi. Ukishaitoa hiyo sumu huendi kuitema kwenye intavyu. Wakikuuliza kwa nini ulitoka jibu ni fupi, "kampuni ilipunguza watu, nafasi yangu ikawemo", basi, hamia kwenye ulichokuwa unafanya.

CV ya mtu wa sehemu moja ina tatizo lake, inaonekana mstari mmoja. Uvunje, kila cheo au kila jukumu lililobadilika lipe miaka yake. Halafu wapigie watu mnaojuana juujuu, wasambazaji, wateja wa zamani, waliohama ofisi kitambo. Marafiki wa karibu wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe.

Halafu ofisi ya zamani itapiga, nakuhakikishia, faili fulani liko wapi, mfumo fulani unafungukaje. Mara ya kwanza wasaidie tu. Ya pili waambie bei yako kwa siku.