Umemaliza mbio ndefu? Usiyaamini mapafu
Wakimbiaji wa Mtwara, hasa nyie mnaojifua Mikindani hadi Shangani: ukitoka kwenye mbio za kilomita 50 au 90, pumzi hurudi mapema kuliko miguu. Maumivu ya misuli huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wameshapona. Wiki ya kwanza tembea tu ufukweni, maji yakipwa na mchanga umeshikana. Kipimo changu ni ngazi: shuka bila kushika ukuta. Ukikunja uso, bado. Miteremko ya kule Newala iache mwisho kabisa, maana kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja kuliko kupanda. Kula ushibe, ugali wa muhogo na samaki, korosho pembeni, na ulale mchana bila kumwonea mtu haya.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usimeze siku ya mbio wala usiku wake. Figo zimeshaelemewa na upungufu wa maji. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, usingoje kesho, nenda hospitali ya Ligula.